Tupeane uzoefu: dishi moja, TV tatu nne, na nyaya za kufika kila chumba

Mkaazi wa Jang'ombe

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na wenzetu mlioko ng'ambo.

Naomba tupeane uzoefu wa jambo ambalo huonekana dogo mpaka likufike: dishi moja juu ya paa, TV tatu au nne chini yake, na kila chumba kinataka chake. Nyumba zetu nyingi si za mtu na mkewe tu. Kuna ukumbi wanapokaa wageni, kuna chumba cha bibi, kuna vijana wa uani, na siku ya mpira majirani nao wanaingia. Ukumbini wanataka Kombe la Mapinduzi, bibi anataka Makka mubashara, watoto wanataka katuni. Mmoja akikosa, nyumba nzima itajua.

Naanza mie. Kabla nyumba haijapigwa plasta nilimwomba fundi umeme azike paipu tupu kutoka darini mpaka kila chumba, mbali na paipu za umeme wenyewe, na ndani ya kila moja aache kamba. Waliokuwa wakipita walisema napoteza pesa kwa paipu zisizo na kitu. Leo nikitaka kupitisha waya mpya naufunga kwenye ile kamba, mmoja anavuta, mwengine anasukuma, kazi imekwisha. Juu kuna LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ya njia nne. Kutoka hapo zimeshuka nyaya nne za dishi, aina ya RG6, kila mmoja na chumba chake, hazikutani popote.

Msimamo wangu ndio huo: kila king'amuzi kipewe waya wake kutoka kwenye dishi, na njia ya waya itayarishwe wakati ukuta bado ni tofali. Lakini najua wengi wetu tumehamia nyumba zilizokwisha jengwa, na wengine wamerithi za wazee. Leteni yaliyowakuta, mlivyotatua, na vifaa mlivyotumia.

Fundi wa Fuoni

Wa alaykum salaam. Umeanzisha mada ninayoiishi kila siku, kwa hiyo mnistahamilie nikirefusha.

Simu ninazopigiwa zaidi ni za spilita. Mtu ana king'amuzi kimoja, ananunua cha pili, anachukua spilita ya antena ya kawaida anaugawa waya. Ukumbini picha safi, chumbani nusu ya chaneli hazipo. Ukumbini wakibadilisha, chumbani zinarudi zile na kupotea nyengine. Anakwenda dukani kugombana kwamba kauziwa kibovu.

King'amuzi hakina kosa. Ule waya haushushi picha tu, unapandisha na umeme. King'amuzi kinaipelekea LNB volti 13 kikitaka mawimbi ya wima, volti 18 kikitaka ya ulalo, na pale yanapotakiwa masafa ya juu kinatia na mlio wa kilohezi 22. Kila ukibonyeza rimoti, kuna amri inapanda juu ya paa. LNB yenye njia moja ikipewa 13 na 18 kwa pamoja, ile 18 ndiyo itakayoshinda, na aliyetaka wima atabaki na skrini nyeusi.

Dawa yake ni LNB ya njia mbili, nne au nane, maana kila njia inamsikiliza bwana wake peke yake. Nyumba ikizidi ving'amuzi vinane, au ikiwa ya wageni, tunaweka maltiswichi: nyaya nne zinatoka LNB maalumu, zinaingia kwenye boksi, na boksi linagawa kwa vyumba vyote. Ipo pia LNB ya yunikebo, ambayo waya mmoja unahudumia ving'amuzi kadhaa kwa kuwa kila kimoja kinapangiwa masafa yake. Hiyo ni nzuri kwa nyumba isiyotobolewa ovyo, ila hakikisha kabla ya kununua kwamba king'amuzi chako kinaikubali kwenye menyu.

Jambo la pili ni waya. RG6 ya mita 100 inakula nguvu ya mawimbi kama desibeli 30 kwenye masafa ya mwisho ya juu, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu iliyokuwepo. Ile nyembamba, RG59, inakula zaidi. Na tazama moyo wa waya: nyingi za bei rahisi ni chuma kilichopakwa shaba juu. Kwa mita 15 hutaona tofauti. Waya ukiwa mrefu, volti 18 zinaondoka chini kamili na kufika juu zimechoka.

La mwisho, mwelekeo, maana wapo wanaojipandishia wenyewe. Sisi kibla chetu ni kaskazini. Simama kama unayetaka kusali: dishi la Azam, satelaiti ya nyuzi 7 mashariki mwa Greenwich, yaani magharibi yetu, linaangalia mkono wako wa kushoto, karibu magharibi kamili, likiinuka kama nyuzi 52. La DStv, ile ya nyuzi 36, linaangalia karibu na utosi, nyuzi 82 hivi. Kwa hiyo mwembe ulio magharibi mwa nyumba ni adui wa la kwanza, si wa la pili. Pima hivi: kwa kila mita 10 kati ya dishi na mti, mti usiupite usawa wa dishi kwa zaidi ya mita 12. Na hesabu kwamba mwembe unakua.

Kaka wa Mwera

Fundi, nakuheshimu, lakini mie nina spilita miaka na miaka, risiva mbili, na zote zinaonyesha. Labda tusiwatishe watu.

Fundi wa Fuoni

Kaka, hilo nakubali linatokea. Kama chaneli mnazoangalia nyumba nzima ziko upande mmoja, zote wima au zote ulalo, na masafa yale yale, hakuna mgongano wa amri. Jaribu usiku wa leo: risiva moja iweke kwenye chaneli ya wima, nyengine ya ulalo, uone. Menyu ya kutafuta chaneli inaandika V (wima) au H (ulalo) pembeni ya masafa.

Kaka wa Mwera

Nimejaribu. Ya chumbani imezima pale pale. Ahsante, sasa naelewa kwa nini mke wangu alikuwa akilalamika chaneli yake haipo wakati mie naiona kwenye orodha.

Mwana wa Shangani

Hadithi ya Mji Mkongwe ni nyengine kabisa. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono. Drili ya kawaida inaingia, inakutana na jiwe, inapotea njia, na upande wa pili chokaa linamwagika kama unga. Na kutoboa si kila pahala utoboe. Tuko ndani ya eneo la urithi wa dunia tangu 2000, ukuta wa nje na dishi linaloonekana barabarani ni mambo ya kwenda kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Sisi dishi tumeliweka juu nyuma, ambako njiani halionekani.

Ndani tuliamua kutoshusha nyaya za dishi kila ghorofa. King'amuzi kimoja kiko juu, na picha inashuka kwa waya wa mtandao. Unanunua jozi ya viboksi: kimoja kinapokea HDMI kutoka king'amuzi na kuipitisha kwenye waya wa Cat6, cha pili kinairudisha HDMI kwenye TV. Waya wa HDMI wenyewe ukipita mita 10 au 15 picha inaanza kumetameta. Hivi viboksi vinafika mita 50 na zaidi. Cat6 ni nyembamba, ikapita pembeni mwa ngazi, nyuma ya ubao wa mlango, ikapita na tundu la zamani la bomba la maji lisilotumika. Hatukutoboa ukuta hata mmoja.

Angalieni mambo mawili. Cat6 iwe ya shaba tupu, kwa sababu ile ya alumini iliyopakwa shaba ilitukatiakatia picha kila joto likipanda. Na mjue kwamba kwa njia hii TV zote zinaona chaneli moja. Kwetu inafaa kwa sababu tunaotazama ni wazee wawili na mie. Kwenye nyumba yenye vijana itakuwa vita.

Wi-Fi tulijaribu kabla. Kwenye kuta hizi haivuki hata chumba cha pili.

Bint Wete

Sie Pemba tunawasalimu. Kwetu TV nyingi ndani ya nyumba zilikuja baada ya umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga, 2010. Kabla ya hapo ilikuwa jenereta na TV moja, mnakusanyika.

Bibi yangu miguu ilipomchosha akawa haji tena ukumbini, na kitu pekee alichokuwa akikitaka ni tarawehe za Makka mwezi wa Ramadhani. Ami yangu hakununua king'amuzi cha pili. Kile cha zamani kilikuwa na tundu la RF nyuma, la kutolea picha kwa waya wa antena, akachomeka waya akaupeleka chumbani kwa bibi, TV ya bibi ikatafutwa mpaka ikashika. Picha ilikuwa na chenga kidogo lakini sauti safi. Mwisho wa waya akaweka kile kijicho kinachobeba amri za rimoti, kwa hiyo bibi kitandani akibonyeza, king'amuzi cha ukumbini kinatii. Nakumbuka taa yake nyekundu ndogo nyuma ya TV inawaka kila akibonyeza, na kutoka ukumbini tunasikia "Bibi kabadilisha!"

Ving'amuzi vya sasa vingi havina tundu hilo, kwa hiyo tumehamia kwenye LNB ya njia mbili. Ndiyo ninayotaka kumuuliza Fundi. Dishi liko mwisho wa uwanja kwa sababu ya mshelisheli, waya wa kwenda kwa bibi ni mrefu, kama mita 40. Tangu kusi lianze, kwake baadhi ya chaneli zimepotea kabisa na nyengine ziko safi. Ukumbini hakuna tatizo. Fundi mmoja alikuja akasema dishi limesogea.

Mama wa Mtoni

Wakati tunamsubiri Fundi: jamani mvua za masika zikianza na radi zikasikika, chomoeni waya wa dishi pamoja na plagi ya umeme. Watu wanachomoa plagi wanaona wamesalimika, na waya wa dishi umebaki umeunganishwa na chuma kilicho juu ya paa. Kwetu iliingia njia hiyo hiyo, king'amuzi na TV vyote viwili. Sasa nguzo ya dishi imefungwa waya wa kuingia ardhini, na kila TV ina gadi yake kwa ajili ya umeme unaporudi kwa kishindo.

Mzee wa Kiembesamaki

Kwa wenye DStv: kuna utaratibu wa XtraView, ving'amuzi viwili au vitatu kwa malipo ya kifurushi kimoja na nyongeza kidogo. Lakini kati ya king'amuzi kikubwa na vidogo kuna waya wa ziada wa kuviunganisha. King'amuzi kidogo kisiposikia habari ya kikubwa kwa muda, kinafunga picha. Mhesabu waya huo mapema mnapopanga paipu. Kwangu ulisahaulika, ukapitishwa juu ya milango.

Mwenye vyumba, Nungwi

Nina vyumba vya wageni karibu na bahari. Maltiswichi imenifaa, alhamdulillah. Kinachonisumbua ni chumvi. Konekta za kusokota kwa mkono zinaota ukungu wa kijani ndani kabla mwaka haujaisha. Nimehamia zile za kubana kwa koleo lake, zenye mpira ndani, na juu nazungusha ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Na kabla waya haujaingia ndani uachie tumbo chini ya tundu, maji ya mvua yadondoke pale yasiufuate waya mpaka kwenye TV.

Fundi wa Fuoni

Bint Wete, dada yangu, dishi likisogea wote wawili mngeumia, maana ni dishi moja. Angalia hizo zilizopotea kwa bibi: zote ni H?

Bint Wete

Nimeangalia moja moja. Zote H. Zilizobaki zote V.

Fundi wa Fuoni

Basi volti 18 hazifiki. Waya ni mrefu, na kuna pahala chumvi au maji yameingia, kwa hiyo zikifika juu LNB inaziona kama 13 na inabaki wima. Mpate mtu mwenye mita ya kupimia volti. King'amuzi kiwekwe kwenye chaneli ya H, LNB ikiwa imeunganishwa, apime upande wa chini kisha upande wa juu. Juu ikisoma chini ya 15, tatizo ni waya au konekta. Anzeni na konekta ya juu, ikatwe na inchi chache za waya mpaka moyo uonekane unang'aa.

Na wengine mkumbuke, si kila kukatika ni waya. Mwishoni mwa Machi na siku za Septemba jua linapita nyuma ya satelaiti. Kwa dishi la nyuzi 7 ni karibu na saa tisa mchana, picha inaondoka dakika chache na kurudi yenyewe, siku kadhaa mfululizo. Msipande juu kugusa kitu.

Bint Wete

Kaka yangu kapanda leo asubuhi. Konekta ilikuwa kijani mpaka ndani na waya umekuwa mweusi kama kidole kizima kushuka chini. Kakata, katia mpya. H zimerudi zote isipokuwa mbili.

Fundi wa Fuoni

Mbili hizo zitakuwa za masafa ya juu kabisa, ndiko waya unakokula zaidi. Waya ule haufai kwa mita 40. Badilisheni wote, RG6 ya moyo wa shaba, na safari hii upite ndani ya paipu chini ya uwanja. Huko juu kwenye dishi uache mzunguko mmoja wa akiba, ili siku ya kukata konekta tena waya usiwe mfupi.