Ukuta ndani ya bahari: njia ya miguu Bagamoyo–Kaole inafungwa huku tunatazama!

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili jambo siku sita nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Mama yangu ana miaka 67. Magoti yanamsumbua, sukari nayo ipo, na kila akienda kliniki anaambiwa neno lile lile: tembea mama, tembea. Sasa atembee wapi? Tunakaa Tegeta. Pembeni mwa barabara ni bodaboda, mitaro iliyo wazi na vumbi la malori. Ukiuliza habari za matembezi nchi hii unatajiwa Kilimanjaro, Usambara, Uluguru, milima mitupu. Mwenye magoti mabovu haendi Uluguru. Sisi watu wa Pwani ardhi yetu ni tambarare, na tulichojaliwa ni ufukwe: maji yakitoka mchanga unakuwa mgumu, hakuna kupanda wala kushuka, upepo unakupiga usoni, mtoto wa miaka mitano anatembea na bibi yake anatembea. Bure kabisa.

Njia tunayoipenda kuliko zote inaanzia soko la samaki Bagamoyo, unashika ufukwe kuelekea kusini, unapita usawa wa chuo cha sanaa, unaendelea na mikoko mpaka Kaole. Ni kilomita tano hivi. Pale Kaole kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya zamani, mengine yana nguzo. Kiingilio tunalipa kwa moyo mweupe. Mama anapenda kukaa chini ya ule mbuyu mkubwa, anafungua chupa ya chai, anasikiliza wageni wakisimuliwa jinsi bandari ya Kaole ilivyojaa tope na mikoko mpaka watu wakahamia Bagamoyo. Ameshaisikia mara kumi na bado anaisikiliza.

Kwa msiojua mambo ya bahari, njia hii ina sharti moja tu, nalo ni maji. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, karibu saa sita sita, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali sana na yanarudi juu sana. Huku kwetu siku za bamvua kupwa kunaangukia kama saa nne asubuhi, na kujaa ni kuanzia saa kumi jioni. Mvuvi yeyote anakwambia hayo bila kutazama simu. Tangu zamani mtu akichelewa na maji yakamkuta njiani, alikuwa anapanda tu juu kwenye mchanga mkavu, chini ya minazi, anaendelea na safari yake.

Safari hii tumekuta huko juu hakuna tena.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Tulianza saa tatu asubuhi, maji yako mbali, tukapita mbele ya kiwanja kimoja (sitakitaja, sitaki kesi, wenyeji wanakijua) tukaona ukuta mpya wa matofali umeteremshwa mpaka chini kabisa ufukweni. Mama akasema, "Hawa wamejenga mpaka kwa samaki." Tukapita mbele yake kwa kuwa palikuwa pakavu. Kosa letu likawa kukaa Kaole mpaka saa saba na nusu.

Tunarudi, saa nane na nusu, maji yameshaugonga ukuta. Kushoto ukuta, kulia bahari, katikati hakuna hata pa kuweka unyayo. Nikazunguka mpaka kwenye kigeti cha pembeni, nikagonga, akatoka mlinzi. Kijana wa watu, ana adabu, akamwamkia mama shikamoo vizuri kabisa. Nikamweleza: tupitishe ndani, ni hatua chache tu, tutokee upande wa pili. Akasema haruhusiwi. Mama akamwambia, "Mwanangu, siji kukaa kwako, napita tu." Kijana akatazama chini. Akampigia bosi wake, nikasikia simu inafoka mpaka nje. Akarudi akasema, "Mama nisamehe, nikifungua kesho sina kazi."

Simlaumu kijana, anatafuta ugali. Lakini nataka mpate picha: mwanamke wa miaka 67, raba mkononi, khanga imefungwa juu ya magoti, anapita ndani ya maji ya mapajani huku ameegemea ukuta wa mtu, mawimbi yanamsukuma. Mimi niko upande wa bahari nimemshika kiuno. Nusu ya njia akapiga yowe. Nikadhani ameteleza. Kumbe kiganja kimechanika.

Kimechanika kwa chaza, wale kombe wa baharini wenye magamba makali. Na hapa ndipo naomba msome taratibu. Pembe ya zamani ya ukuta ule, ile iliyotangulia kujengwa, imeota chaza, wamejipanga kwenye matofali mpaka usawa wa kiuno changu. Chaza haoti nchi kavu. Chaza anaota pale bahari inapofika kila siku. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia ukuta ule umejengwa kwenye kiwanja na bahari ndiyo imesogea juzi. Wale chaza ni mashahidi kuliko hati yoyote.

Kuna watakaosema si mngepanda bodaboda mrudi kwa barabara. Tungeweza, ndiyo. Na wale akina mama wanaookota chaza na kaa nao wapande bodaboda? Na wavuvi wanaokwenda kwenye ngalawa zao? Na watoto wa shule? Ufukwe ni njia, watu wameupita kabla ya huyo bosi kuzaliwa, kabla Wajerumani hawajaja, tangu Kaole ni mji.

Sheria ipo, wakuu, wala haijafichwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, nayo inataja mita 60 hizo hizo za ufukwe, pamoja na maeneo ya mikoko, kwenye orodha ya ardhi hatarishi, yaani ile ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Sisi hatukuomba 80. Tuliomba mbili, za kuweka mguu wa kushoto na wa kulia!

Nilikwenda kwenye ofisi moja nikauliza. Nikaambiwa suala hilo ni la ofisi nyingine. Ile nyingine ikaniambia andika barua. Nimeandika.

Tena madhara hayaishii kwa sisi watembea kwa miguu. Wimbi likipanda kwenye mchanga ulioinama linachoka, linarudi polepole na mchanga unabaki. Likigonga ukuta halichoki, linarudi kwa nguvu na kuzoa mchanga wa chini. Ufukwe mbele ya ukuta unashuka, na ncha za ukuta zinakula kwa jirani. Jirani naye anaona minazi yake inaanguka, anajenga ukuta wake. Wa tatu naye hivyo hivyo. Ndivyo ufukwe mzima unavyoisha, na mwisho mnabaki na kuta zinazotazama tope. Pale pale pembeni nimeona visiki vya mikoko, mchu na mkandaa, vimekatwa usawa wa goti ili mtu aone bahari vizuri akiwa barazani. Mti uliokuwa unamlinda yeye mwenyewe!

Mengine sitayasemea sana: takataka za plastiki, kukosekana kwa kibao hata kimoja chenye saa za kupwa na kujaa, vijana wanaomganda mgeni njia nzima. Hayo yanarekebishika kwa wiki moja mtu akitaka. Ukuta ukishakaa miaka kumi, unaitwa mpaka.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Sisemi mtu abomolewe nyumba. Nasema ukuta urudi nyuma mpaka watu wapite kwa miguu, maji yakijaa na yakitoka, na kila kiwanja kinachofika ufukweni kiache uchochoro wa kutokea barabarani. Basi.

Wenye picha za kuta za namna hii, iwe Kunduchi, Mbweni, Kigamboni au Bagamoyo kwenyewe, ziwekeni hapa chini, mtaje na saa mliyopiga na kama maji yalikuwa yamejaa au yametoka. Msiweke sura wala majina ya watu, hasa walinzi.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Kwa mliouliza, mkono wa mama umeshonwa nyuzi tatu na kwa sukari yake kidonda kinachelewa kupona, nampeleka kusafishwa kila baada ya siku moja. Na kwa mkuu aliyesema niache kuchokonoa matajiri, nimekusoma, ila mama ndiye aliyeniambia niandike.

Bamvua ijayo narudi pale saa nne asubuhi na futi ya kupimia yenye urefu wa mita 60, nianze kupima kutoka alama ya maji yalipofika juu. Nahitaji watu wawili wa kushika ncha nyingine na kupiga picha. Mwenye nafasi aseme hapa, tukutane soko la samaki.