Boneti ya kaboni imeota ukungu kama maziwa, nipolishi au nipige klia upya?

Mkazi wa Feri
Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Impreza yenye boneti ya nyuzi za kaboni. Niliinunua mtumba ikiwa safi, nyuzi zinaonekana kama mkeka uliosukwa leo. Gari linalala nje hapa Kigamboni, jua na upepo wa chumvi vyote vyake. Sasa karibu na skupu, lile tundu la hewa juu ya boneti, kumetanda ukungu mweupe, na kona ya kushoto imeanza unjano. Kijana anayeniosheaga gari anataka nimletee dizeli aisugulie. Fundi rangi naye anasema akwangue yote. Nimeazima mashine ya kupolishi, Jumamosi niko nyumbani. Nimsikilize nani?

Mzee wa Klia
Kwa sasa usimsikilize yeyote, mkuu. Lowanisha penye ukungu kwa maji safi. Ukipotea pakiwa pamelowa, ukarudi pakikauka, ubovu uko juu ya klia, ile rangi angavu inayofunika boneti, na polishi itausafisha. Kisichobadilika kwa maji kiko ndani zaidi. Kaboni yenyewe haipauki, kinachogeuka njano kwa jua ni ile gundi ya epoksi iliyoshika nyuzi. Hapo utapolishi mpaka Krismasi.

Kipara Ngoto
Funga boneti ya bati ulale usingizi.

Dada Tabo
@Kipara, hujaulizwa 😂
Mkuu, dizeli kataa. Leo inang'aa, kesho imebeba vumbi la barabara nzima. Halafu jifunze kwangu, spoila yangu niliiunguza mwenyewe. Kwenye bati joto la mashine linatawanyika, kwenye kaboni linakaa palepale. Nilituliza mashine ukingoni sekunde chache tu, klia ikaisha, sponji ikatoka na vumbi jeusi. Hilo jeusi ni nyuzi zenyewe! Kwa hiyo osha vizuri, bandika tepu kingo zote, tumia sponji laini na spidi ndogo, mkono utembee muda wote. Jaribu kwanza polishi nyepesi kwenye eneo la kiganja, ikitosha, kompaundi, ile polishi kali, usiiguse. Kingo malizia kwa mkono. Na uwe na hakika siyo stika yenye picha ya kaboni, maana hiyo mashine itaivua.

Mkazi wa Feri
Stika siyo, nimekagua kingo zote. Nikishapolishi nipake nta gani?

Mzee wa Klia
Ya karnauba, ile ya mmea, inapendeza, ila kwa jua la Dar utairudia kila baada ya wiki chache. Silanti, ile ya kutengenezwa kiwandani, inadumu zaidi. Paka kivulini, boneti ikiwa imepoa, nyembamba kabisa. Ukipaka kama siagi kwenye mkate utafuta mpaka magharibi, na juu ya weusi ule kila mstari mweupe unaonekana. Tafuta na kava, nta peke yake haiwezi jua hilo.

Mkazi wa Feri
Mrejesho: nimemwagia maji. Ukungu wa skupu umepotea, ulivyokauka umerudi. Unjano wa kona haujatingishika.

Mzee wa Klia
Basi skupu polishi mwenyewe, kona mpe fundi. Akwangue kwa msasa wa maji kidogo kidogo, maji yakianza kuwa meusi aishie hapo, kisha apige klia yenye kinga ya jua. Avae barakoa, vumbi la kaboni linawasha vibaya.

Mkazi wa Feri
Shukrani wakuu. Kijana wa dizeli amenuna.