NAS inaonekana kwenye laptopu lakini PS4 haioni kitu, naombeni msaada kabla ya Ijumaa

Baba Nuru
Wakuu habari za jioni. Nimehangaika na hiki kitu siku 3 sasa usiku nalala saa nane. Nimenunua NAS (boksi la diski linalokaa kwenye netiwaki ya nyumbani) ya diski mbili, kila moja tera 4, nimezifunga RAID 1 (diski zote mbili zinashika vitu vilevile), nikahamishia humo video zote za familia zilizokuwa zimetapakaa kwenye flashi na simu na hadi diski za nje zilizojaa kwenye droo. Kuna harusi ya dada, ubatizo wa watoto, na video moja ya marehemu baba akiongea kwenye sendofu ya mdogo wangu mwaka 2014 ambayo ndo pekee tuliyobaki nayo yenye sauti yake. Nataka tuangalie kwenye tv ya sebuleni kupitia PS4 (mashine ya gemu) ya watoto maana tv yenyewe ni ya zamani haina intaneti. PS4 ni ile ya kwanza kabisa, iko kwenye waifai. Nimeweka app ya Media Player kwenye PS4, nimewasha DLNA (inayoruhusu vifaa vya nyumbani kuona video za NAS) kwenye NAS, lakini nikifungua Media Player hamna seva hata moja, inaonyesha flashi tu kama nimechomeka. Nikienda kwenye laptopu NAS naiona na video zinacheza bila shida. Mama anakuja Ijumaa toka Muheza na nilishamwambia kwenye simu kuwa atamwona mzee. Nakosea wapi?

Fundi Kebo
Pole mkuu. Kabla hujagusa NAS nijibu kitu kimoja, hapo nyumbani una rauta ngapi?

Baba Nuru
Mbili. Moja ililetwa na watu wa faiba iko sebuleni, nyingine niliongeza mwenyewe chumbani sababu waifai ilikuwa haifiki. NAS iko chumbani imechomekwa kwenye hiyo ya pili.

Fundi Kebo
Basi ugonjwa umeshaonekana. Ingia setingi za PS4 upande wa netiwaki angalia IP yake (anwani yake kwenye netiwaki), halafu angalia ya NAS. Ukikuta moja inaanza na 192.168.1 na nyingine 192.168.0 basi hizo ni nyumba mbili tofauti zenye ukuta katikati. DLNA haifanyi kazi kama tovuti kwamba unaandika anwani unafika, NAS inapiga mbiu kwenye netiwaki kwamba jamani mimi nipo hapa nina video, na hiyo mbiu inaenda kwenye anwani 239.255.255.250 poti 1900, sasa rauta kwa kawaida haivushi mbiu ya aina hiyo kwenda upande wa pili. Laptopu yako inaiona NAS kwa sababu bila shaka umeiunganisha na waifai ya chumbani.

Dawa yake ni kuifanya rauta ya chumbani iache kazi ya urauta. Kama ina sehemu ya kuchagua modi ya akses pointi (kusambaza waifai tu), chagua hiyo imeisha. Kama haina, ipe IP isiyogongana na kubwa, mfano kubwa ikiwa 192.168.1.1 hii iite 192.168.1.2, zima DHCP yake (ile inayogawa anwani kwa vifaa), halafu ule waya unaotoka sebuleni uchomoe kwenye tundu la WAN (la intaneti) uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani). Kuanzia hapo vifaa vyote vitapewa anwani na rauta moja na vitasikia mbiu moja. Ukishamaliza zima NAS na PS4 uwashe upya, zichukue anwani mpya.

Na usiiweke PS4 kwenye waifai ya wageni. Waifai ya wageni imetengenezwa makusudi vifaa visionane.

Baba Nuru
Aisee Mungu akubariki, IP zilikuwa tofauti kweli kama ulivyosema. Nimezima DHCP nimehamisha waya, NAS imetokea kwenye Media Player na jina lake kabisa, watoto wamepiga kelele.

Sasa shida nyingine, sijui niendelee hapahapa. Video ya mzee (ni .MTS toka kwenye kamera) inafunguka ila inakwamakwama kila baada ya muda. Video za harusi alizopiga mke wangu kwa iPhone mwaka juzi hazichezi kabisa, inasema haiwezi. Na kuna filamu za MKV alizokopi kaka yangu kwenye diski zake za Blu-ray, picha safi kabisa ila kimya, sauti hamna. Faili zote hizo zinacheza kwenye laptopu kwa programu ya VLC.

Mwanapwani Studio
Salaam ndugu yangu, mimi niko Mombasa, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi kwa hiyo haya mambo wateja wananiuliza kila wiki. Hayo matatu uliyoyataja kila moja lina sababu yake, usiyachanganye utachoka bure.

Elewa hivi kwanza. MKV, MP4, AVI hayo ni majina ya makasha tu, ndani ya kasha kuna picha imefungwa kwa kodeki yake (njia ya kubana data) na sauti imefungwa kwa kodeki yake. VLC inajua karibu kila kodeki ndio maana laptopuni kila kitu kinacheza. Media Player ya PS4 inajua chache, kwa picha hasa ni H.264 mpaka levo 4.2 ambayo ni kama 1080p ya fremu 60, na sauti kwenye MKV inakubali MP3, AAC na AC3. Basi. Na NAS ikiwa na DLNA ya kawaida huwa inampa mtu faili lilivyo, haimtafsirii.

Filamu za kaka yako naweza kuapa sauti ni DTS, kodeki nyingine ya sauti. Blu-ray nyingi zina DTS na PS4 kwenye Media Player haiisomi. Hiyo ndio rahisi kuliko zote kwa sababu picha huigusi, unabadilisha sauti peke yake, na filamu ya saa mbili inaisha kwa dakika chache. Weka ffmpeg (programu ya kugeuza video na sauti) kwenye laptopu halafu andika hivi

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu_ps4.mkv

Hapo c:v copy maana yake picha ibaki kama ilivyo, na c:a ac3 maana yake sauti igeuzwe AC3. Hiyo amri inachukua picha na sauti ya kwanza tu, maandishi ya tafsiri inayaacha, kwa hiyo faili la mwanzo usilifute.

Za iPhone ni habari nyingine. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu zao zinazoweza zinarekodi HEVC, yaani H.265, na hiyo Media Player ya PS4 haiichezi, tena kama shemeji alirekodi 4K ndio kabisa. Hapo hakuna njia ya mkato lazima picha yenyewe ifungwe upya. Tumia HandBrake, ni programu ya bure ya kufunga video upya, ina chaguo lililoandikwa Fast 1080p30, ingiza faili zote kwenye foleni uziache usiku laptopu ikiwa kwenye chaja. Asubuhi unakuta MP4 za H.264. Na mwambie shemeji kwenye setingi za kamera upande wa fomati achague Most Compatible, kuanzia leo video za kawaida zitatoka H.264 na hutateseka tena. Ila zitakula nafasi, dakika moja ya 4K fremu 30 ni kama MB 170 kwa HEVC na inafika kama MB 350 kwa H.264, sasa kama simu yake ni ndogo ashuke mpaka 1080p.

Tafadhali sana, zile za asili za HEVC zibakie kwenye folda lao pembeni. Hiyo uliyofunga upya ni ya kuangalia tu, ubora umeshapungua kidogo, na miaka 10 ijayo utaitaka ile ya mwanzo.

kijana_wa_moro
Kwanini mnampa mtu kazi zote hizo? Weka Plex (programu ya kupanga na kurusha video) kwenye NAS, weka app ya Plex kwenye PS4, yenyewe inageuza kila kitu papo kwa papo. Mimi natumia hivyo mwaka wa tatu, ina mabango ya filamu, ina maandishi, inakumbuka ulipoishia. Ukiangalia ndani ya nyumba hulipi, tangu Aprili 2025 ndo wameanza kutoza kuangalia ukiwa nje ya nyumbani.

Mwanapwani Studio
Ndugu yangu Plex ni nzuri na sikatai, mimi mwenyewe ninayo. Lakini kugeuza papo kwa papo kunataka prosesa yenye nguvu. NAS za diski mbili za bei ya chini nyingi zina chipu ya ARM isiyo na nguvu sana, ukiipa HEVC ya 4K ikugeuzie wakati unaangalia itakwama dakika ya kwanza, na mama wa watu amekaa kwenye kochi anasubiri. Kama NAS yake ni ya Intel yenye uwezo wa kugeuza video kwenye chipu sawa, hapo nakuunga mkono kabisa.

Fundi Kebo
Na tuongezee kwamba app ya Plex inataka akaunti, faiba ikikatika siku ya kuingia upya utasumbuka, wakati DLNA hata waya wa nje ukatwe na greda la barabarani yenyewe inaendelea humo ndani. Kwa huku kwetu mimi hilo naliangalia sana. Ila kwa mwenye PS5 hana ujanja, PS5 haina Media Player ya DLNA kama ya PS4, huyo aende Plex. Wa Xbox wana VLC na Kodi wanachagua wanachotaka.

Sasa mkuu Baba Nuru, kukwama kwa video ya mzee. MTS ni H.264 na AC3, PS4 inaijua vizuri na ndo maana inafunguka, kwa hiyo usiigeuze, usiiguse kabisa. Shida ni njia. PS4 ya kwanza, zile zenye namba ya modeli CUH za 1000 mpaka 1200, ina waifai ya GHz 2.4 tu, GHz 5 imekuja kwenye Slim na Pro. Kamera ya aina hiyo inaweza kutoa mpaka megabiti 24 kwa sekunde au 28 ikiwa fremu 60, na 2.4 ya mtaa wenye rauta 15 za majirani, kuta mbili za tofali, ukipata megabiti 20 za kweli ushukuru. Kinachokufa hapo ni waifai tu, wala usitupe lawama kwa NAS. Vuta waya toka rauta ya sebuleni mpaka PS4, si ziko chumba kimoja? Cat5e ya mita 5 inakutosha. Hakikisha una waya pia kati ya rauta mbili, ambao tayari unao. Hata kama rauta yako ni ya zamani ya megabiti 100, kwa video moja zinabaki nyingi.

Mama Ilham
Mimi nipo Maskati, nasoma tu lakini hapa lazima niseme neno. Baba Nuru umesema umefunga RAID 1 na naona umetulia. Usitulie. Mwaka wa juzi mtoto wa dada yangu alikuwa anapanga picha kwenye NAS yetu akafuta folda zima la Unguja, harusi yangu, bibi yangu, vyote, na RAID ikafuta kwenye diski zote mbili sekunde ileile, maana kazi yake ni kufananisha diski. RAID inakuokoa diski moja ikifa, haikuokoi na mkono wa mtu wala umeme wala wezi. Nilipata nusu tu, kwa sababu kaka yangu Zanzibar alikuwa na nakala ya zamani kwenye diski ya nje. Hiyo video ya baba yako leo hii iweke kwenye diski nyingine, na nyingine mpe mdogo wako akae nayo kwake. Sio kesho.

Jambo la pili, kwenye rauta mna kitu kinaitwa UPnP, watu wanadhani wakikizima DLNA itakufa. Haifi. Ile ya rauta ni ya kufungulia milango kwenda nje na NAS haitakiwi kufunguliwa nje. Aprili 2021 kuna virusi vya Qlocker vilivamia NAS za QNAP zilizokuwa zinafikika kutoka intaneti, vikayafungia mafaili ya watu kwenye 7-Zip yenye nenosiri wakadaiwa bitcoin 0.01. Kizime, na apudeti za NAS usiziruke.

Baba Nuru
Mama Ilham asante sana na pole, umenitisha kwa jambo jema. Nimeshakopi ya mzee kwenye flashi mbili usiku huu huu, Jumamosi nafuata diski ya nje. Swali dogo, ile diski ya nje ikiwa imefomatiwa NTFS (ya Windows) PS4 itaisoma nikiichomeka?

Fundi Kebo
Haisomi NTFS mkuu. Fomati exFAT. FAT32 inasoma pia lakini faili likizidi GB 4 halikai.

Baba Nuru
Mrejesho wakuu. Waya umevutwa jana, mita 5 na kichwa kimoja nimefunga mwenyewe. Filamu za kaka zinaongea, amri ya Mwanapwani ilichukua kama dakika 4 kila moja. Za iPhone HandBrake imemaliza 11 kati ya 26, zinaendelea.

Mama alifika jioni. Nilimwekea ile ya sendofu na haikukwama hata mara moja dakika 38 zote. Ilipofika pale mzee anapowaita wajomba wa upande wa bwana harusi kwa majina mama aliniambia nirudishe nyuma, nikarudisha, tukairudia mara nne. Baadaye ameniuliza kama hiyo sauti anaweza kupewa kwenye simu yake ya batani, ile yenye memori kadi. Mwanapwani nikitaka sauti tupu bila picha naandikaje?

Mwanapwani Studio
Allah amrehemu mzee. Andika hivi

ffmpeg -i mzee.MTS -vn -c:a libmp3lame -b:a 128k -ac 2 mzee.mp3

Dakika 38 zitakuwa kama MB 36, simu ya batani inacheza MP3 bila tatizo. Kama kadi ni ya simu ya zamani isizidi GB 32 na iwe FAT32.