Eti mimi ni mpagazi wake! Sisafiri tena na yule mtu, labda anibebe yeye

Msafiri Mnyonge (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa sakafuni kwenye stesheni ya Santa Maria Novella hapa Firenze, simu asilimia 9, mikono inatetemeka kwa hasira. Nikikosea herufi leo msinisahihishe.

Yule mtu mnamjua. Simtaji. Yule yule aliyekuwa mweka hazina wa ile sherehe ambayo soda ziliisha kabla wageni hawajaingia. Huyo huyo. Sasa kanifanyia la mwaka.

MIMI. NIMEITWA. MPAGAZI.

Tena si uchochoroni. Ni mbele ya kanisa kuu, chini ya kuba la yule fundi Brunelleschi, lile lililokamilika mwaka 1436, limesimama miaka yote hiyo halijawahi kushuhudia dharau ya aina hii. Mwaka 1478 watu walimchoma visu Giuliano de' Medici, wa ile familia iliyoutawala mji huu, humo humo ndani, misa inaendelea, lakini angalau hawakumbebesha begi kwanza.

Iko hivi. Tulikubaliana kuizunguka Italia kimaskini: begi mgongoni, hosteli za vitanda vya kupandiana, kahawa tunakunywa tumesimama kaunta maana ukikaa mezani bei inapaa. Tuanze Roma, tuje Firenze, Bologna, tumalizie Venezia. Hela za pamoja anashika yeye. Msianze.

Begi langu lina suruali mbili, taulo na mswaki. Lake lina PASI. Wakuu, mtu kabeba pasi ya umeme na viatu vya ngozi kwenda kulala hosteli! Nikaanza kumsaidia Roma, kidogo tu, maana bega linamuuma. Bega linauma, lakini Chemchemi ya Trevi alirusha sarafu mpaka watu wakampisha, zote za mfuko wa pamoja, eti apate mchumba. Zile sarafu huokotwa zikaenda Caritas kusaidia maskini. Maskini mwenyewe alikuwa nyuma yake na mabegi mawili.

Pantheon, lile hekalu la kale, hatukuingia, kisa kiingilio. Ngazi za Kihispania nikaketi kupumzika, askari akanipulizia filimbi, kumbe tangu 2019 kukaa pale ni kosa na faini inaweza kufika euro 400. Yeye alijua! Alikuwa pembeni ananipiga picha.

Haya, leo. Kupanda kwenye kuba ni ngazi 463 na lazima uwe umeweka nafasi yenye saa yako. Bwana mkubwa kaniambia, "Imebaki nafasi moja tu, na mabegi makubwa hayapandi. Ngoja hapa na mizigo, nashuka sasa hivi." Nikangoja. Jua limeniwakia, mawe ya uwanja yanafukuta. Kuingia kanisani chini ni bure, lakini na mabegi yale nani anakuruhusu? Nimekaa pale na njiwa wamenizunguka, kama mganga anayesubiri wateja.

Anashuka, jasho chapachapa, meno yote nje, kaongozana na wazungu aliojuana nao huko huko ngazini. Familia nzima na bibi yao. Nikasimama nitoe mkono. Akaniwahi, kwa Kiingereza chake kile cha puani: "Huyu ni mpagazi wangu. Nimekuja naye kutoka Kilimanjaro."

Wakuu, ni kweli natoka Moshi. Lakini Moshi MJINI. Kwetu ni jirani na stendi! Mlima wenyewe nauona mawingu yakiamua.

Yule bibi akanitazama kwa huruma, akafungua pochi, akanipa euro 2. Akanishika bega akasema nina mgongo imara.

Na yule mtu kasimama anatikisa kichwa kwa fahari! Tumesoma wote, tumekula ugali sahani moja, mama yake ananiita mwanangu, halafu anafika mbele ya kanisa, mbele ya bibi wa watu, "mpagazi wangu." Hata angesema "jamaa mmoja hivi" ningemeza.

Saa hii yuko upande wa pili wa stesheni anakula gelato, aiskrimu ya huku, ya ladha mbili. Mfuko wa pamoja. Mpagazi hajaletewa.

Semeni kitu.

Dagaa Mchele

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole sana mkuu. Swali dogo tu: zile euro 2 ulipokea?

Kenge Mstaafu

Kama ni yule ninayemfikiria mimi, shukuru hakukushonea na sare. Ile sherehe nilikuwepo. Pilau niliionea kwenye picha.

Mgosi wa Lushoto

Mleta uzi, si uko Ujerumani miaka yote unabeba boksi? Boksi kimya, begi ndiyo unatufungulia uzi?

Msafiri Mnyonge

Mgosi, boksi nalipwa kwa saa! Na bosi wangu hajawahi kunitambulisha kwa bibi yake.

Dagaa Mchele

Na begi umelipwa euro 2. Jibu swali.

Bi Chachandu

Mimi naishi Bologna. Kaka, samahani nikuongezee kidonda. Wenye tiketi ya kupanda lile kuba wana sehemu ya kuachia mabegi pale pale uwanjani. Bure. Mtu akinunua tiketi anaelezwa.

Msafiri Mnyonge

Dada. Bure?

BURE??

Yaani nimeungua jua, nimepewa sadaka na bibi wa watu, na begi lile na pasi yake vingeweza kulala kivulini BURE? Naenda kumuuliza sasa hivi.

Msafiri Mnyonge

Nimemuuliza. Anasema alijua, ila hakuwaamini wale wahudumu na pasi yake.

Kenge Mstaafu

Nimejimwagia chai. Huyo ndiye, hakuna mwingine.

Mzee wa Getini

Nimesoma kimya, nikaona niseme. Mimi nimepandisha mizigo Kilimanjaro miaka na miaka. Tangu lini mpagazi limekuwa tusi? Sisi mzigo una kikomo, kilo 20, na getini unapimwa kwenye mizani. Lile begi lilipimwa? Halikupimwa. Una chama? Huna. Una posho? Huna. Basi kijana wangu, hukudharauliwa, umepandishwa cheo.

Mgosi wa Lushoto

Uzi ufungwe hapa. Umepandishwa cheo, mwamba!

Msafiri Mnyonge

Mzee, shikamoo. Sina dharau na kazi yenu, marehemu mjomba aliifanya. Ninachosema ni ile namna. Mtu kasimama mbele ya kanisa, mimi nimenyoosha mkono, mkono uko hewani...

Mzee wa Getini

Marahaba. Mkono ulikuwa hewani, ukapata euro 2 papo hapo. Sisi bakshishi mgeni anaitoa siku ya mwisho, inapitia kwa mtu, ikikufikia imekonda. Kuna kiongozi mmoja wa njia ya Marangu, waliopanda naye wanamjua, mgeni akishatoa tu yeye anaumwa tumbo na bahasha anayo. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Dagaa Mchele

Mzee huyo mfungulie wa kwake, tutakuja wote. Mleta uzi, euro 2 ulipokea au hukupokea?

Jirani wa Namanga

Wandugu, salamu kutoka Nairobi. Huyo wenu ni malaika. Mimi nilienda Venezia na rafiki yangu 2024, ule mwaka walioanza kutoza wageni wa kutwa euro 5 siku za msongamano. Jamaa akasema tusilipe, tutapita tukijifanya wenyeji. Wenyeji! Sisi wawili, na kofia za kwendea Mara vichwani! Tukapita kweli, sijui kwa miujiza gani. Kufika uwanja wa San Marco akatoa mkate akaanza kulisha njiwa, jambo lililopigwa marufuku tangu 2008. Askari alipokuja, mwenzangu akaninyooshea kidole: "Mkate ni wake."

Kenge Mstaafu

"Mkate ni wake" 😂 Jirani umeshinda, chukua uzi.

Msafiri Mnyonge

Jirani pole, lakini hukuitwa mpagazi. Narudia tena kwa waliochelewa: mbele ya kanisa, mbele ya ukoo mzima wa wazungu...

Mgosi wa Lushoto

Tumesikia. Weka picha. Bila picha hii ni chai.

Bi Chachandu

Njiwa mbona nafuu. Njooni kwangu muone wageni. Kila mtu wa Bongo akitua Italia anashukia hapa, hata kama tiketi yake ni ya Napoli. Anataka nimpeleke kanisa la San Luca kule kilimani, karibu kilomita 4 chini ya matao 666, akifika nusu anakaa chini anadai teksi. Halafu anauliza, "Mnara ulioinama ndiyo huu?" Huu ni Garisenda, nao umeinama, ila umezungushiwa uzio tangu 2023. Wa Pisa uko Pisa! Anakasirika, anasema nimemdanganya. Mmoja, ninyi wa Kariakoo mnamjua, alikuja wiki moja akamaliza kiroba cha mchele nilichoagiza kwa taabu, akaondoka na sufuria.

Jirani wa Namanga

Na sufuria?

Bi Chachandu

Na kifuniko chake.

Mleta uzi, kama mnakuja huku na treni ya kawaida yenye tiketi za karatasi, zigongeni kwenye mashine kabla ya kupanda, mkikamatwa hamjagonga ni faini. Na kwangu hakuna nafasi, nasema mapema.

Mama Tanga Raha

Mnalia na mabegi na masufuria, mimi nimeamka nimeingizwa kwenye kundi la michango ya harusi ya mtu ambaye hata sura siijui. Jina langu lipo namba 14, ahadi laki moja. Nani kaahidi? Nikaandika "samahani, nimekosea kundi," mwenyekiti akajibu, "Asante dada kwa kuthibitisha."

Kenge Mstaafu

Subiri. Kundi lenye picha ya maua ya zambarau? Mwenyekiti anaandika herufi kubwa tupu? Na mimi nimo! Namba 31.

Msafiri Mnyonge

Wakuu, treni inaingia. Yule mtu kaniacha na mabegi yote mawili, yeye katangulia kutafuta siti ya dirishani. Niliache la kwake hapa hapa au nifanyeje? Haraka, simu asilimia 3.

Mama Tanga Raha

Namba 31, huyo bwana harusi ni nani?

Kenge Mstaafu

Nasikia ni mdogo wake yule mtu.

Dagaa Mchele

Basi soda zibebeni wenyewe. Mimi namba 8, nimeandikiwa ahadi ya elfu hamsini na mtu nisiyemjua.

Mgosi wa Lushoto

Elfu hamsini kwa kamati ile hupati kadi. Singo ni laki, dabo laki na nusu.

Mama Tanga Raha

Dabo laki na nusu? Na mtoto anayetembea anahesabiwa, au anaingia mgongoni?