Naomba ushauri: mkanda wa vifungo wa sweta, vifungo 5 au 7?

Habari zenu wafumaji. Hii ni sweta ya mtoto, wazi mbele, ya asubuhi za baridi hapa Nakuru. Uzi ni wa akriliki, sindano milimita 4, na kila sentimita 10 ina vitanzi 22 kwa mistari 28. Umebaki mkanda wa mbele tu.

Ukingo una mistari 100, kama sentimita 36. Kuokota kitanzi (kuchota kitanzi kipya ukingoni) kwa kila mstari siwezi: vitanzi 100 ni sentimita 45, na ziada hiyo ndiyo huleta mawimbi. Kuokota 3 kwa kila mistari 4 kunatoa 75. Nitaongeza 3 vifike 78, maana mbavu (mistari ya kuinuka na kuzama) za mbili mbele, mbili nyuma zinataka hesabu inayogawanyika kwa nne, jumlisha mbili, ili ncha zote zifanane.

Sasa matundu, ya vitanzi 2 kila moja, nataka yote yaangukie bondeni mwa mbavu. Vifungo 5: vitanzi 6 kila pembeni, 14 kati ya tundu na tundu. Tatizo, kifungo cha juu kinashuka karibu sentimita 3 na shingo inaachama. Vifungo 7: vitanzi 2 kila pembeni, 10 kati ya tundu na tundu. Shingo inafunga vizuri, lakini mtoto wa miaka mitano na vifungo saba, jamani!

Mngechagua ipi? Na mkanda nitumie sindano za 3.25 au 3.5? Pasi msinishauri, akriliki ikiungua kwa joto hulala, hairudi.