Bega la Mama: kinesiolojia, mkandaji wa mtaani au fiziotherapia?

Binti_wa_Kibokoni aliandika:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba mnisaidie kulinganisha, kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu ana rai yake na mgonjwa ni mmoja. Mama ana umri wa miaka 58, ana kisukari, na kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akikaa juu ya mbuzi kabla ya alfajiri akikuna nazi za mbaazi anazouza pamoja na mahamri. Tangu mwezi wa Rajabu bega lake la kulia linamuuma, hasa usiku, na sasa mkono haufiki kisogoni, hata mtandio namfunga mimi.

Tumejaribu njia mbili. Ya kwanza ni bibi wa mtaani kwetu anayekanda wazazi tangu sisi tukiwa wadogo, ambaye humchua kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto pamoja na karafuu. Mama hulala vizuri usiku mmoja au miwili, kisha maumivu hurudi. Ya pili ni kliniki moja upande wa Nyali inayojitangaza kwa kinesiolojia. Huko alishikishwa kipakiti cha unga wa ngano katika mkono wa kulia, akaambiwa aunyooshe wa kushoto, mpimaji akaubonyeza, ukashuka. Akaambiwa kwamba ngano ndiyo adui yake na kwamba figo zake ni dhaifu, akauziwa dawa ya unga kwa shilingi 6,000. Alirudi na huzuni, maana ngano ndiyo riziki yake. Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, iko Makadara, hospitali kuu ya serikali hapa Mombasa, lakini tunaiogopea foleni. Mngekuwa ninyi, mngeshika njia ipi?

Mwalimu_Tudor alijibu:

Waaleikum salaam, dada. Tutenganishe kwanza mambo mawili yanayobeba jina moja. Kinesiolojia inayofundishwa vyuoni ni elimu ya mwendo wa mwili, yaani jinsi misuli, mifupa na viungo vinavyoshirikiana mtu anapotembea au anaponyanyua mzigo, na wataalamu wa fiziotherapia nao huisoma. Aliyofanyiwa Mama ni nyingine kabisa. Ilianzishwa mwaka 1964 na George Goodheart, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo huko Detroit, Marekani, aliyedai kwamba misuli ina uhusiano na viungo vya ndani, hivyo ulegevu wa msuli fulani hufichua udhaifu wa figo, ini au tumbo. Dai hilo limejaribiwa mara kadhaa kwa namna ambayo mpimaji na mpimwaji wote hawajui kilichomo ndani ya kichupa anachoshikishwa mpimwaji, na matokeo hayakupita yale ya kubahatisha. Mwaka 2011 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza kwamba njia hii isitumike kutambua mzio wa vyakula kwa watoto na vijana.

Mnaweza kujionea wenyewe nyumbani. Mimi na ndugu yangu tulimwomba mtu wa tatu atie sukari katika bahasha moja na chumvi katika nyingine, azifunge, kisha atoke chumbani. Tulipokuwa tunajua bahasha ya sukari ni ipi, mkono ulishuka kila mara. Tulipokuwa hatujui, ulishuka ovyo, mara kwa hii, mara kwa ile. Simwiti mpimaji mwongo. Mkono unaobonyeza huongeza nguvu kidogo, au husogea karibu zaidi na kiganja, bila mwenyewe kukusudia, na anayebonyezwa naye hulegea kwa kutarajia.

Hamali_Mstaafu alijibu:

Mimi siwezi kuitupa moja kwa moja. Nilibeba magunia bandarini Kilindini miaka mingi, na mgongo uliponishinda nilikwenda kwa mtu wa kupima misuli. Alikaa nami saa nzima, akaniuliza ninavyolala na ninavyoinama, akanipima, kisha akanikanda kiunoni taratibu. Niliondoka mwepesi. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Mwalimu_Tudor alijibu:

Mzee wangu, naamini kwamba ulipata nafuu, ila naona iliyokufaa ni ile saa ya kusikilizwa pamoja na kukandwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeitaja masaji miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na mafunzo kwa mgonjwa, lakini haushauri mikanda ya kiuno itumike kama jambo la kawaida. Kwa hiyo sote tuko upande wa mikono ya mkandaji.

Fizio_Likoni alijibu:

Dada, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na siwezi kutoa hukumu bila kumwona Mama, lakini maelezo yako yananifanya nifikirie bega lililokakamaa, hali ambayo huwapata watu wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mfuko unaozunguka kiungo huvimba, kisha huwa mzito na kubana. Fanyeni hivi: Mama akunje kiwiko, akibane ubavuni, kisha wewe uupeleke mkono wake nje polepole. Ukikwama mapema ingawa ni wewe unayeusogeza, tatizo huenda liko ndani ya kiungo wala si katika misuli peke yake, na hapo ndipo mtaelewa kwa nini bibi mkandaji humpa usiku mmoja wa usingizi lakini hafungui bega. Asilaumiwe, kwa kuwa misuli ya shingo na mgongo hukaza kwa kulilinda bega, naye huilegeza kweli. Aendelee, ila asivute mkono kwa nguvu.

Kuna tahadhari moja ambayo naomba muishike sana. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni, kwa hiyo kitambaa cha maji ya moto kinaweza kumbabua asijue. Mkandaji apime joto kwa mkono wake mwenyewe, na miguu asiikande kwa moto kabisa. Vilevile, mguu uliovimba ghafla upande mmoja na kuwa na joto haukandwi, bali hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani na bonge likasafiri hadi mapafuni.

Daktari akipendekeza sindano ya kotisoni, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, mwelezeni habari ya kisukari, kwani hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Na popote mtakapokwenda, ulizeni usajili: fiziotherapia Kenya ina sheria yake ya mwaka 2014 na baraza lake. Bega la namna hii huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, basi msikate tamaa mwezi wa pili.

Binti_wa_Kibokoni aliandika:

Nawashukuru nyote, na Mungu awalipe. Tulikwenda Makadara Jumatatu. Tulifika saa moja asubuhi na kutoka saa sita. Kiwiko kilipobanwa ubavuni, mkono ulikwama papo hapo, nao wakathibitisha kwamba ni bega lililokakamaa. Mahamri hakukatazwa kuuza, isipokuwa kiasi anachokula mwenyewe, kwa sababu ya sukari. Bibi mkandaji nimemsomea maneno ya maji ya moto, akayapokea vizuri, na sasa anakuja Ijumaa peke yake, baada ya mazoezi. Mbuzi nimeikalia mimi.

Zoezi alilopewa ni kupandisha vidole ukutani kama buibui, naye huchora alama ya mkaa pale vinapokomea. Jana alama ilikuwa chini kidogo ya msumari wa kalenda.