Mjadala: Tuwaambie wajukuu kwamba babu yao alikuwa askari wa Amin?

Hamjambo ndugu zangu. Baba yetu alitutoka mwaka jana hapa Bombo, Uganda. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati, na chini ya kanzu tukakuta picha moja: askari kama kumi wamesimama mbele ya lori. Baba ni wa tatu kutoka kushoto. Mabegani mwake, pale penye tepe za cheo, pana matundu mawili. Aliyakata mwenyewe kwa wembe mwaka 1979, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili na Jinja siku chache baadaye, kabla hatujashika njia ya Koboko kuelekea Sudan. Picha nyingine zote alizichoma. Hii ilimshinda, maana ndani yake yumo mdogo wake aliyekufa, na picha yake nyingine hakuna.

Kila tarehe 16 Februari nchi hupumzika kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Mwaka huu mwalimu aliwaeleza watoto maana ya siku hiyo, na binti yangu wa darasa la tano akaja nyumbani kuniuliza: "Baba, babu naye alikuwa askari wa Amin?" Kaka mkubwa akadakia: "Babu yako alikuwa dereva." Si uongo. Aliendesha malori ya kambi ya Jinja. Lakini mtoto aliingiza kidole kwenye lile tundu la begani, akanitazama mimi, sikuwa na neno.

Mimi nasema tuwaambie, tena yote. Mzee huyu huyu alitulea ukimbizini kwa kuziba pancha za baiskeli, akatufundisha kusali, na hakupata kuinua mkono juu ya mama. Nataka wajukuu wamjue hivyo, na wajue pia alivaa gwanda lipi. Hiki Kiswahili tunachoandika, wenzetu wengi Uganda walikichukia kwa sababu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa mtu mwenye bunduki. Leo, tangu Katiba ilipofanyiwa mabadiliko 2005, ni lugha rasmi ya pili. Kiswahili tumekitoa mafichoni. Baba zetu bado tunawaficha. Mnaonaje?

Shangazi, Arua
Pole kwa msiba, mwanangu. Lakini wewe hukusoma shule niliyosoma mimi. Tuliporudi kutoka Zaire niliitwa "mtoto wa Amin" hadi nikaacha masomo, na baba yangu alikuwa mpishi tu wa jeshi, hakuua hata paka wa mtu. Mtoto wa darasa la tano hana kifua cha kubeba jambo hilo, na kesho atalisema uwanjani mbele ya wenzake. Ngoja akue. Kumsitiri marehemu nako ni ibada.

Kijana, Kampala
Shikamoo shangazi. Mimi ni mjukuu, na nyumbani walisubiri nikue. Habari za babu nikazikuta mtandaoni, zimeandikwa na watu wasiomjua. Niliumia zaidi kwamba wakubwa wote walijua na wakaninyamazia.

Mkazi wa Lira
Nisameheni, mimi niko upande mwingine wa picha hiyo. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Walango na Waacholi wengi waliokuwa jeshini waliuawa ndani ya kambi zao wenyewe, Jinja ikiwemo. Baba yangu alikuwa Jinja. Hakurudi, wala hatukupewa mwili. Tume ya Jaji Oder, ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, ilianza 1986 na ripoti ikatoka 1994, lakini mama hakwenda kutoa ushahidi. Nauli hakuwa nayo, na cha kueleza hakuwa nacho. Waliokuwa nacho ni waliokuwamo kambini, nao wanakufa mmoja mmoja. Mnabishana kama ni siri yenu au ya watoto wenu. Na mimi je? Sitafuti wa kumlaumu. Nataka kujua mahali pa kuweka jiwe.

Mwanzisha mada, Bombo
Ndugu wa Lira, nimekusoma mara tatu. Baba aliingia jeshini 1968, kwa hiyo mwaka huo wa 1971 alikuwa Jinja. Jambo moja alilitaja akiwa mgonjwa: kwamba kuna usiku madereva waliamriwa kuwasha injini za malori yote na wasizizime hadi alfajiri, na malori hayaendi popote. Nilidhani ni homa inayomsemesha.

Kaka amekwisha kasirika, asema namfukua mzee kaburini. Shangazi, maneno yako nimeyaweka moyoni, binti yangu nitampa kidogo kidogo. Lakini mama yupo hai na anakumbuka mengi. Ijumaa baada ya sala nitakaa naye na daftari. Ndugu wa Lira, nitumie jina la mzee wako pembeni, nimsomee mama.